Nani Analipia Uzuri Huu?



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Nyansurura nikakuta mdogo wangu anafuga kuku wa mapambo. Siyo kuchi, siyo kishingo. Ni bantamu wa Kijapani, wanaoitwa Chabo: vijikuku vyenye mkia uliosimama wima na miguu mifupi hadi tumbo linakaribia kugusa vumbi. Wakitembea lazima ucheke. Anawauza Mugumu, na hela hiyo ndiyo iliyonunua sare na madaftari ya dada yetu.

Shida ilikuwa moja. Kila tetea akiatamia, kuna mayai hayaanguliwi. Mama alishapata jibu: jirani alipita bandani, akawasifia sana kuku wale, na tangu siku hiyo mambo yakaharibika. Mama akaacha kumsalimia.

Nilichukua yai moja lililobaki kiotani nikalipasua. Ndani mlikuwa na kijusi kilichokwisha kufa.

Nimesoma falsafa, sikusomea mifugo, lakini jambo hili lilinisumbua hadi nikalitafuta. Kumbe miguu mifupi ya Chabo inatokana na jeni moja. Kifaranga akiirithi kwa mzazi mmoja, anakuwa mfupi. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, anafia ndani ya gamba. Kwa hiyo ukipandisha mfupi kwa mfupi, katika mayai 12 yenye mbegu, kwa wastani 6 yatatoa wafupi, 3 yatatoa wenye miguu ya kawaida, na 3 yatakufa. Hakuna jicho la jirani hapo. Jicho lililofanya kazi ni letu wenyewe.

Dogo akanibana: "Sasa kaka, si Pasaka tunachinja kuku na wewe unakula paja? Hawa hata hawajaanguliwa!"

Ana hoja. Kifaranga siyo mtu, na Katekisimu (na. 2417) inaturuhusu kutumia wanyama kwa chakula na mavazi. Lakini namba inayofuata, 2418, inasema kuwatesa au kuwaua bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Ona vizuri: hadhi yetu sisi. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye aliona kwamba anayezoea ukatili kwa mnyama atauhamishia kwa mtu.

Basi swali ni hili: je, vifo hivi vina lazima? Nikadhani ndiyo, kwa sababu ya sare za dada. Kisha nikapiga hesabu. Ukipandisha jogoo mfupi na tetea wa Chabo mwenye miguu ya kawaida, katika mayai yaleyale 12 bado unapata wafupi 6, na wengine 6 wa kawaida. Jeni ile haiui hata mmoja. Tulichokuwa tunanunua kwa vifo vile ni kitu kimoja tu: kutolisha vifaranga wasiopendeza.

Hapo nilinyamaza, maana sikufikiria kuku tu. Nilifikiria kundi letu la vijana, tunavyomsahau kumwalika yule ambaye picha haitapendeza akiwemo. Nilimfikiria jirani, aliyetozwa gharama ya tamaa isiyo yake. Uzuri tuupendao siyo dhambi, Mungu mwenyewe aliupamba ulimwengu. Tatizo ni pale gharama yake inapobebwa na asiyeonekana, wakati tungeweza kuibeba sisi.

Dogo alibadilisha tetea. Bado analalamika kuhusu pumba zinavyoisha. Jumapili moja baada ya Misa, Mama alimpelekea jirani vifaranga wawili wa miguu mirefu. Hakuomba msamaha kwa maneno, ila walikaa mpaka jioni.

Wiki hii jiulize: kitu ninachokipenda kwa uzuri wake, nani anakilipia?

Ee Bwana, tufundishe kuona yaliyomo ndani ya gamba. Amina.