Nyama Isiyo na Muhuri Isiingie Jikoni Mwako

Wakazi wa Bunju na Tegeta, wa Mbagala, Chamazi na Toangoma, hapa Dar es Salaam, nisikilizeni! Ipo nyama inayochinjwa usiku nyuma ya nyumba zetu, ikatiwa kwenye kiroba, ikafungwa nyuma ya bodaboda, na alfajiri ikaning'inizwa buchani kana kwamba imetoka machinjioni. Tunaijua. Wanaoichinja ni majirani zetu. Tunainunua kwa sababu imepungua bei kidogo.

Kipunguzo hicho kimetoka wapi? Kimetoka kwa mkaguzi ambaye hakuitwa. Mkaguzi humtazama mnyama angali amesimama, maana ng'ombe mwenye kimeta hatakiwi hata kupasuliwa. Akishachinjwa, hukata matezi kutafuta kifua kikuu, hupasua misuli ya taya na moyo kutafuta vifuko vya tegu, hulichunguza ini. Ndipo hugonga muhuri. Wewe uliyesimama mbele ya kilo moja ya mchanganyiko utayaona wapi hayo? Na ikishasagwa ikawa soseji, hata mkaguzi mwenyewe haoni kitu tena.

Wapenzi wa kitimoto, hapa nasema nanyi hasa, kwa kuwa nguruwe ndiye anayechinjwa sana uani. Mtu akila nyama yenye vifuko vya tegu ambayo haikuiva, mnyoo hukua tumboni mwake. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi, na kwa mikono isiyooshwa au maji machafu huingia kinywani mwa mtoto. Yakianguliwa, viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ubongo vikaleta kifafa. Mtoto huyo huenda hajaonja nguruwe maisha yake yote! Halafu tunazunguka kwa waganga tukimtafuta aliyemroga.

Na ukaguzi si hiari: Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ipo tangu 2003. Sheria ya Nyama, iliyoleta Bodi ya Nyama, ni ya 2006. Atakayesema hakujua asidanganye watu.

Lakini nawageukia ninyi mlioshika mihuri. Mama wa Buza ana mashine ya kusagia na friza, anataka kutengeneza soseji kihalali. Anatumwa manispaa, anatumwa Bodi ya Nyama, anatumwa Shirika la Viwango (TBS), na kila dirisha lina fomu yake na ada yake. Mwaka 2018 serikali yenyewe, katika mpango wake wa kuboresha udhibiti wa biashara, ilikiri kwamba mamlaka zinaingiliana na tozo ni nyingi. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula ukatolewa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ukapelekwa TBS. Vema! Basi endeleeni, msiishie hapo. Mtu anayeomba kukaguliwa mkimzungusha miezi, ninyi ndio mnaomrudisha uani, na madhara yake ni juu yenu pia.

Tena msituambie tungoje kiwanda kikubwa. Kawe ilikuwa nacho: Tanganyika Packers ilitia nyama kwenye makopo ikauzwa ng'ambo, na leo viwanja vyake tunavijaza kwa mikutano ya injili. Machinjio mapya ya Vingunguti ni neema, lakini mtu wa Mabwepande mwenye mbuzi wawili hatawapeleka Vingunguti. Mpeni machinjio madogo ya karibu, yenye maji ya bomba, sakafu ya saruji, mfereji wa damu, na mkaguzi anayefika kila alfajiri bila kusubiri bahasha.

Nawe mtengenezaji mdogo, usijifiche. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, uombe barua ya utambulisho, uipeleke TBS. Kwa wajasiriamali wadogo huduma ya alama ya ubora huanza bila malipo. Nawe mnunuzi, kesho ukifika buchani, kabla hujatoa pesa, sema kwa sauti wote wasikie: "Nionyeshe muhuri." Asipouonyesha, ondoka, na umpigie simu afisa mifugo wa kata yako siku hiyohiyo.