Jeraha la Mlango

"Nizibe au niache?" Hayo ndiyo maneno aliyoniuliza fundi asubuhi moja ya mwaka 2021, patasi mkononi, nami nikashindwa kumjibu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa nyumba yetu, mtaa wa Malindi, Unguja Mjini. Kidole chake kilikuwa juu ya mfaa, ule mti wa nakshi unaosimama katikati, baina ya mbao mbili za mlango. Hapo pana mpasuko wenye urefu wa shubiri moja na kina cha kidole. Haukufanywa na mchwa wala mvua. Ulifanywa kwa shoka, usiku, mwezi wa Januari 1964.

Swali lile limekaa nami muda mrefu kuliko fundi alivyokaa na mlango wetu. Naliandika hapa, si kwa kuwa nimepata jawabu la kumfaa kila mtu, bali kwa sababu nadhani wewe msomaji nawe una kitu chako nyumbani, kasha la bibi au kitabu kilicholiwa na wadudu au picha ya harusi iliyochanika, na iko siku fundi atakuuliza vile vile.

Kwanza nieleze mlango wenyewe. Ni wa msaji, na kizingiti chake cha juu kimenyooka, si cha upinde kama ile iliyokuja baadaye kwa mtindo wa Kihindi. Miimo yake imechongwa mnyororo ukingoni, maua katikati, na samaki chini. Watu husema mnyororo ni ulinzi na samaki ni rizki. Mimi nilipokuwa mtoto niliona mnyororo na samaki, basi. Njumu zake za shaba tulizisugua kwa ndimu na majivu kila ilipokaribia Idi, na mama akaupaka mlango mafuta kwa kitambaa mpaka ukang'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga.

Mlango kama huo una maradhi yake. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Msumari wa chuma ukishika kutu huvimba, ukivimba huupasua mti kutoka ndani. Mchwa hupanda kutoka ardhini wakaila miimo kwa ndani na kuacha ganda la nje likiwa zima, hata ukadhani una mti kumbe una karatasi. Na maradhi mengine huletwa na mapenzi. Mwaka mmoja, kwa ajili ya harusi, jamaa yetu aliupaka mlango vanishi nzito ili wageni wausifu. Wageni wakausifu. Jua na mvua vikaipasua vanishi ile vipande vipande, na ikabidi ikwanguliwe. Kila anayeukwangua mlango humega kidogo kazi ya mchongaji, na kilichomegwa hakirudi. Wale samaki wa chini walipoteza magamba yao siku ile, si kwa uzee.

Kwa nini tukamwita fundi baada ya miaka mingi ya kusema "tutafanya"? Ni kwa sababu ya Beit al-Ajaib. Jumba lile lililojengwa mwaka 1883, zama za Sultani Barghash, ambalo sote tulilipita kila siku tukidhani litatuzika sisi, liliporomoka upande wake mmoja tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Wiki ile kila mwenye nyumba katika Mji Mkongwe alitazama juu. Mimi nilitazama mlango.

Fundi tuliyempata ni mtu wa maneno machache. Sehemu ya chini ya mwimo wa kushoto ilikuwa imeoza, na hapo hapakuwa na ubishi: aliikata mpaka kwenye mti mzima, akaunga msaji mpya. Nilimwuliza kama ataweza kuufananisha na wa zamani. Akasema, "Nitauchonga ufanane, Mzee, lakini sitauvika uzee."

Kauli ile ilinipendeza sana, maana nawajua wanaouvika. Iko kazi mjini ya kuchukua mbao ya juzi, kuipiga kwa mnyororo, kuifukia kwenye tope, kuisugua kwa masizi na chai ya rangi, halafu kumwambia mgeni kwamba ina umri wa miaka mia mbili. Simlaumu mno mwenye njaa. Lakini uongo ule hauishii kwa mgeni aliyelipa. Hurudi nyuma ukawagusa mafundi wa kweli wa zamani, kwa kuwaongezea watoto wasiowazaa.

Mimi nilisomesha historia kwa miaka mingi, na mwalimu wa historia ana ugonjwa wake: hupenda ushahidi. Nilipoulizwa "nizibe au niache?", moyo wangu ulikwisha kusema "acha". Nilikuwa na hoja, tena hoja kubwa za kutoka mbali.

Katika kanisa la Santa Croce, mjini Florence, ulikuwako msalaba mkubwa wa mbao uliochorwa na Cimabue katika karne ya 13. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika, maji na matope na mafuta mazito yakaingia kanisani, na msalaba ule ukapoteza kiasi cha asilimia 60 ya rangi yake. Mafundi wa Italia walikaa nao kwa miaka kumi. Wangeweza kumchora upya Masihi aliyepotea; picha za zamani zilikuwapo na mikono hodari ilikuwapo. Hawakufanya hivyo. Mahali palipobaki wazi walipajaza mistari myembamba ya rangi, iliyopatanishwa na rangi za pembeni yake lakini isiyojifanya kuwa uso wala mkono. Ukisimama mbali, jicho linatulia. Ukisogea, unaona mahali maji yalipopita. Chuo cha ukarabati cha Roma, alichokiongoza Cesare Brandi tangu 1939, kilikuwa kimekwisha kufundisha jambo la namna hiyo: jaza pengo ili kazi isomeke, lakini anayekaribia asidanganyike.

Najua si watu wote wanaofikiri hivyo. Kule Djenné, nchini Mali, watu wa mji huukandika msikiti wao mkuu udongo mpya kila mwaka, na hakuna anayelia kwamba udongo wa mwaka jana umefunikwa. Wajapani huibomoa nyumba takatifu ya Ise na kuijenga upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013. Kwao kitu cha zamani ni ule ujuzi wa mkono na ile desturi ya kukusanyika, na mbao ni nguo tu ya kubadilishwa. Nikiwaza habari za mama na kitambaa chake cha mafuta, naona hata sisi tulikuwa karibu na Djenné kuliko Roma. Mama hakuhifadhi kitu. Alikuwa akipaka mlango mafuta.

Basi nikaenda kwa dada yangu na hoja hizi zote, nikijua nitamshinda. Dada ni mkubwa wangu, na nyumba ni yetu sote wawili. Alinisikiliza habari za Florence mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akasema:

"Baba aliliacha pengo lile kwa sababu hakuwa na pesa."

"Lakini baadaye alikuwa nazo, Dada. Aliishi mpaka 1988. Kama angetaka kuziba angeziba."

"Baadaye alikwisha kuchoka. Wewe hukumjua kabla ya hapo."

Ni kweli, sikumjua. Mimi nilizaliwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Usiku wa shoka nilikuwa tumboni. Dada alikuwa na miaka 11, na alikuwa amesimama nyuma ya mlango, upande wa ndani, kwa kuwa baba alimwambia ashike komeo naye akashika. Waliokuja sitawataja, baba hakuwataja mpaka anakufa. Mlango ulivumilia mapigo kadhaa, kisha haukuvumilia tena.

"Wewe unalipenda pengo lile," Dada akaniambia, "kama mtu apendavyo hadithi. Mimi kila nikiliona nasikia sauti."

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote bila ya kulitazama. Dada yangu haingii nyumbani kwa mlango wa mbele. Hupita uani, tangu nilipopata akili. Nikidhani ni kwa ajili ya jiko.

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Zile hoja zangu hazikuwa mbovu, na mpaka leo nazishika. Lakini nilianza kuona kwamba zilihusu mafuriko. Mto Arno haukukusudia, na hakuna mtu huko aliyelazimika kupita chini ya msalaba ule kila siku akiusikia mto. Alama ya shoka ni jambo jingine. Yule anayesema "ihifadhiwe kwa ajili ya historia" mara nyingi ni mtu ambaye haikumkata. Mimi nilikuwa nikidai ukweli kwa gharama ya mwingine, na mwingine huyo ndiye aliyeshika komeo.

Bado nilikuwa na hofu moja, nayo si hofu ya bure. Tukiziba, nani atajua? Kizazi kimoja tu, na usiku ule utakuwa haukuwapo. Nilimweleza Dada. Akaniuliza, "Sasa hivi nani anajua?"

Nikacheka, kwa sababu nilikuwa na jawabu la aibu. Wiki chache kabla yake kijana mmoja mwenye kutembeza watalii alisimama mbele ya nyumba yetu na kundi lake, nami niko dirishani. Akawaonyesha njumu za shaba, akawaambia zilikuwa za kuzuia tembo wa vita wasisukume mlango. Sawa, hiyo husemwa kila siku, ingawa Unguja haikuona tembo wa vita. Halafu akaweka kidole kwenye mpasuko wa mfaa na kusema huo ulikuwa pembe ya tembo. Wakapiga picha.

Miaka 57 jeraha lile lilikuwa wazi barabarani mchana na usiku, na ushahidi wake wote ukawa ni tembo. Nilijilaumu zaidi kuliko nilivyomlaumu kijana yule. Mimi mwalimu wa historia, nimesomesha darasa baada ya darasa, na watoto wangu wenyewe sikuwasimulia. Nilimwachia mlango aseme, na mlango hausemi.

Niliporudi kwa fundi nilimwambia azibe. Nikamwomba jambo moja, na ikawa analijua zaidi yangu, maana katika kazi yao ni kama sheria: usifanye lisiloweza kutenguliwa. Fundi akachukua kipande cha msaji, akakichonga kwa siku tatu, akikijaribu na kukitoa, mpaka kikakaa ndani ya mpasuko bila ya kuugusa mti wa zamani hata kwa unene wa unywele. Alikichonga kipande kwa kulifuata jeraha, hakulichonga jeraha kwa kukifuata kipande. Juu yake akaendeleza nakshi ya mfaa, ua moja na nusu. Hakutia gundi. Alikishika kwa vijiti viwili vya mti mgumu ambavyo mtu mwenye subira anaweza kuvigonga vikatoka. Wala hakukivika uzee. Ukisimama ng'ambo ya njia huoni kitu. Ukisogea, kipande kina rangi ya asali penye rangi ya kahawa.

Sikupata nilichotaka, na Dada hakupata chote alichotaka, maana anajua kilicho chini yake. Idi iliyofuata alikuja na mabirika yake na visahani vyake, akapita uani. Idi nyingine pia uani. Nikasema moyoni, basi mwanamke huyu amenishinda bure. Kisha ikaja Idi moja ya mvua kubwa, uani kumejaa maji mpaka kwenye kifundo cha mguu, akaingia kwa mbele. Hakusimama, wala hakutazama kulia wala kushoto. Alilalamika tu kwamba kizingiti cha chini kinateleza.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa barazani siku ile, akichezea njumu. Alipomaliza kuamkia alinivuta kanzu akaniuliza, "Babu, mbona hapa rangi yake si moja?"

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nikamwambia akamwulize Bibi.

Akaenda. Nilimsikia akiuliza, na nikasikia mlango wa chumba ukirudishwa. Mvua iliendelea kunyesha. Chai ikapoa, na hakuna aliyetoka.