Je, Kutazama Ni Kuwapo?



Kijana mwenzangu, kuna swali ambalo korona ilituachia na wengi wetu tukalipita tu bila kulijibu. Ukitazama jambo kwenye simu, je, umekuwapo? Siulizi kama umeliona. Kuliona umeliona. Nauliza kama ulikuwapo.

Tumezoea kuuliza hivi kuhusu Misa. Leo naomba tuanzie mbali kidogo, kwenye maigizo ya jukwaani na dansi, maana huko jambo lenyewe linaonekana wazi zaidi. Kanisani tutafika.

Milango ilipofungwa

Machi 2020 kumbi za maonyesho zilifungwa karibu dunia nzima. Broadway kule New York ilisimama tarehe 12, na London ikafuata siku nne baadaye. Waigizaji, wacheza dansi, mafundi wa taa, washonaji wa mavazi, wote wakarudi nyumbani. Wengi wao ni watu wa kulipwa kwa kazi: hakuna onyesho, hakuna hela.

Hapo ndipo kumbi zilipoanza kutoa kazi zao mtandaoni. Kuanzia tarehe 2 Aprili, National Theatre ya London ilirusha igizo moja kila Alhamisi kwenye YouTube, bure, na kuliacha hapo kwa wiki nzima. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa 3 usiku. Kenya kafyu ilikuwa imeshaanza tangu saa 1 jioni, mtu yuko ndani, hana pa kwenda, bando lenyewe ni la kupimia. Unabonyeza, na ghafla uko mbele ya jukwaa ambalo nauli yake tu, achilia mbali viza, hujawahi kuiota.

Hebu tuseme ukweli. Kwa wengi wetu ukumbi ule ulikuwa umefungwa kabla ya korona, na umeendelea kufungwa baada yake. Kwa hiyo anayedharau skrini, akisema eti kutazama nyumbani si lolote, huyo mara nyingi ni mtu ambaye mlango umekuwa wazi kwake siku zote. Kwa mgonjwa, kwa aliye kijijini, kwa asiye na nauli, ile ilikuwa zawadi. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini zawadi ile ilikuwa na upungufu wake. Igizo la kwanza, One Man, Two Guvnors, lilirekodiwa mwaka 2011. Vicheko unavyovisikia ni vya watu waliokaa bega kwa bega miaka tisa kabla. Wewe unacheka nao, wao hawakusikii. Mwigizaji naye hakusikii. Angekuwa jukwaani na wewe umekaa mbele yake, angeusikia hata ukimya wako. Angejua kama ukumbi umeguswa au umechoka, na angeigiza tofauti kwa sababu yako. Kwenye simu, ukisimamisha igizo ukaenda kukoroga uji, yeye hana habari.

Hiyo ndiyo tofauti. Aliyekwenda ukumbini anapokea na pia anatoa: anatoa muda wake, ukimya wake, mwili wake uliosafiri na kukaa pale, na hela ya tiketi ambayo ni ujira wa mtu. Aliye na simu anaweza kupokea vyote bila kutoa chochote. Sisemi lazima iwe hivyo. Nasema inawezekana, na kinachowezekana kirahisi huwa mazoea.

Waliosimama wakitazama

Mwezi huohuo wa Machi 2020, wacheza dansi 38 kutoka nchi 14 za Afrika walikuwa Senegal, katika shule ya dansi ya Mama Germaine Acogny iliyoko Toubab Dialaw, kando ya bahari. Walikuwa wakijiandaa kucheza The Rite of Spring, kazi ambayo Pina Bausch wa Ujerumani aliitunga mwaka 1975 juu ya muziki wa Stravinsky. Onyesho la kwanza lilikuwa lifanyike Dakar. Mikusanyiko ikapigwa marufuku na onyesho likafutwa. Kabla ya kutawanyika kurudi makwao, walishuka ufukweni wakacheza dansi nzima juu ya mchanga, jua likizama, mbele ya kamera. Filamu ile ilitolewa mtandaoni mwezi Julai kwa malipo kidogo.

Kisa cha dansi yenyewe ni kizito. Kundi linamchagua msichana mmoja awe sadaka. Anavishwa gauni jekundu, kisha anacheza mpaka anakufa. Na wenzake? Wamesimama, wanamtazama.

Ukiitazama kitandani, umejifunika blanketi, unafika mahali unajiuliza: na mimi hapa niko upande gani? Maana mimi pia namtazama tu.

Mkristo hawezi kuona picha ile asikumbuke Kalvari. Mwinjili Luka (23:35) anatuambia kwamba pale msalabani watu walisimama wakitazama. Yohane (19:25) naye anatuambia kwamba Mama yake Yesu alikuwa amesimama karibu na msalaba. Wote wamesimama, wote wanaona mateso yaleyale. Lakini umati uliona tukio, na Maria alikuwa pamoja na Mwanae. Mama hakuweza kuzuia lolote, wala kupunguza msumari hata mmoja. Alichoweza kutoa ni kutoondoka.

Halafu Luka anaongeza jambo (23:48). Watu waliokuja kuangalia, baada ya kuyaona yaliyotokea, walirudi makwao wakijipiga vifua. Neno la Kigiriki analolitumia kwa kile walichokuja kukiangalia ni theoria, yaani jambo la kutazamwa. Ni la ukoo mmoja na theatron, mahali pa kutazamia, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelichukua kuitia jina nyumba ya maigizo. Walikuja kama watazamaji. Walirudi wakiwa na toba. Kwa hiyo kutazama kunaweza kuwa mlango, mradi usibaki umesimama mlangoni.

Maigizo ndani ya nyumba

Kuna kijana mmoja aliyejua maigizo ya nyumbani kabla yetu sote. Anaitwa Karol Wojtyła, na sisi tunamjua kama Mtakatifu Yohane Paulo II. Wakati Wanazi wameikalia Poland, utamaduni wa Kipolandi ulipigwa marufuku. Mwaka 1941, pale Kraków, Mieczysław Kotlarczyk alianzisha kikundi cha maigizo cha siri, na Karol, aliyekuwa kibarua wa machimbo ya mawe na baadaye kiwanda cha kemikali, alikuwa mmoja wa waigizaji wake. Waliigiza ndani ya nyumba za watu, watazamaji wachache sebuleni, bila mapambo ya jukwaa, neno tu. Inasimuliwa kwamba siku moja Karol akighani shairi, vipaza sauti vya Wajerumani vilianza kunguruma barabarani vikitangaza ushindi wa vita. Hakunyamaza wala hakupaza sauti. Aliendelea tu.

Fikiria sasa wale waliokwenda kumsikiliza. Wangekamatwa, wangepelekwa kambini. Nyumba ile haikuwa na tiketi, lakini kila aliyekaa pale alikuwa ametoa kitu. Basi tatizo letu halikuwa kwamba tulitazamia sebuleni, maana hata sebule inaweza kuwa ukumbi. Kazi ni kujua sisi tulileta nini sebuleni.

Na Misa je?

Tarehe 27 Machi 2020 Baba Mtakatifu Fransisko alisimama peke yake kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akaibariki dunia kwa Ekaristi Takatifu. Wapo waliopiga magoti mbele ya televisheni usiku ule. Hao walitoa mwili na moyo. Sithubutu kusema hawakusali.

Ila Papa huyohuyo, tarehe 17 Aprili, katika Misa ya asubuhi iliyokuwa ikirushwa mubashara kutoka Santa Marta, alionya kwamba ukaribu na Bwana usio na watu na usio na sakramenti ni hatari. Kanisa lilikuwa katika shida, alieleza, na hali ile ilikuwa kama handaki: unapita humo ili utoke, huhamii humo.

Hapa Misa inaachana na igizo. Dansi ya Toubab Dialaw ukiitazama kwa makini, umepata sehemu kubwa ya kile walichotaka kukupa. Ekaristi si hivyo. Kristo hatupi picha ya mwili wake, anatupa mwili wake, na mwili hauliwi kwa macho. Komunyo ya kiroho ni kweli na ina neema, lakini yenyewe ni hamu. Mwenye hamu ya kweli, siku mlango ukifunguliwa, utamwona yuko njiani.

Sasa milango imefunguliwa siku nyingi. Bibi asiyeweza kutembea na afuate Misa kwa redio, na Mungu anamjua. Wewe na mimi wenye miguu miwili, tunaofuata Misa kitandani huku tunajibu meseji, tunatafuta nini?

Tufanye nini basi?

Mosi, ukitazama kazi ya mtu, itazame. Weka simu nyingine mbali, maliza ulichoanza. Ni heshima kwa aliyetoka jasho.

Pili, lipa unapoweza. Ukumbi ule wa London ulikuwa ukiomba mchango. Sisi wa kwetu hapa, wa parokiani, waimbaji na waigizaji wa vijana, tunawapa nini zaidi ya kuwasambaza? Yesu alipowatuma wanafunzi (Luka 10:7) aliwafundisha kwamba kumpa mtenda kazi riziki yake ni haki yake, wala si hisani.

Tatu, pale unapoweza kufika, fika. Msibani, hospitalini, kwenye jumuiya, kwenye Misa. Ujumbe wa pole ni mzuri, lakini mfiwa anakumbuka nani alikaa naye kwenye mkeka.

Wiki hii jiulize: ni wapi nimekuwa nikitazama tu, na kumbe mtu ananisubiri nije?

Tusali. Ee Bwana Yesu, wewe hukututazama kutoka mbinguni tu, ulikuja ukakaa nasi. Utufundishe kuwa karibu na wanaoteseka, kama Mama yako alivyokuwa karibu nawe msalabani. Amina.

Tuendelee kuombeana.