Nani Amwage Oili?

Kwenye mkataba wa kukodi gari kuna ukurasa ambao watu huufikia wakiwa wameshachoka. Bei ya kila mwezi mmekubaliana, depoziti umetuma kwa M-Pesa, kalamu iko mkononi. Hapo ndipo kijana wa shati jeupe anakuuliza, kama mtu anayeuliza iwapo chai yako iwe na sukari: "Na ya sevisi, tukuwekee?" Ukikubali, unaongeza elfu kadhaa kila mwezi na kampuni inaahidi kumwaga oili, kubadilisha filta na kukagua gari kwa wakati. Ukikataa, hayo yote ni juu yako na Mungu wako.

Swali linaonekana dogo. Mimi naona ni mojawapo ya maswali makubwa ya rika letu, kwa sababu karibu kila kitu tunachotafutia riziki si chetu. Bodaboda ni ya mkopo. Simu inalipiwa kila siku, na ukikosa kulipa inajifunga. Nyumba ni ya lendilodi. Kwa hivyo kuuliza nani atunze gari la kukodi ni kuuliza tunadaiwa nini na vitu ambavyo tutavitumia mpaka vichakae na bado visiwe vyetu.

Mimi swali hili nililetewa na binamu yangu wa Kishushe. Anataka kuchukua Probox ya kukodi kwa miezi 36, abebe abiria na mizigo kati ya Kishushe, Wundanyi, Mwatate na Voi. Alinitumia voisi ya dakika nne, mwisho wake akasema: "Wewe ulienda chuo ukasomea kufikiria. Sasa nifikirie hii." Chuo chenyewe niliacha kabla ya mwaka wa tatu, karo ikiwa imekataa, lakini kufikiria hakuhitaji cheti. Basi tufikirie.

Tuanze na hesabu, maana falsafa isiyojua bei ya oili ni porojo. Tuseme kifurushi cha sevisi ni shilingi 7,000 kwa mwezi. Mara 36, hiyo ni 252,000. Tuseme tena gari litatembea kilomita 5,000 kwa mwezi, kwa hivyo oili imwagwe kila mwezi, na kwa fundi wa Voi kazi hiyo pamoja na oili na filta inakula 6,000. Tofauti ni elfu moja. Kwa elfu moja unanunua usingizi. Mtu angesema weka sahihi, twende.

Lakini soma kule chini, pale maandishi yanapokuwa madogo kama mbegu za mchicha. Vifurushi vingi vya aina hii haviguzi vitu vinavyoisha kwa kutumika: tairi, pedi za breki, klachi, betri. Na mara nyingi vinakutaka upeleke gari kwenye gereji waliyoichagua wao. Sasa weka hayo juu ya barabara ya Kishushe. Ile ni nchi kavu upande wa Tsavo Magharibi, nchi ya ranchi, miiba, ndovu na mawe ya chuma yanayochimbwa na kubebwa kwa malori. Huko gari haliuawi na oili. Linauawa na vumbi, mashimo, murram yenye mawimbi inayotikisa kila nati, na mwiba uliolala njiani ukisubiri tairi. Na kama gereji yao iko Mombasa, kutoka Voi peke yake ni kama kilomita 150, kwenda tu. Siku nzima ya kazi imeisha kwa sababu ya filta. Kifurushi kilichopigiwa hesabu kwenye lami kinafika Kishushe kama koti la mvua: koti zuri sana, ila huku mvua ndiyo tunayoiomba.

Kama ni hesabu tu, tungemaliza hapa. Lakini kwenye ile voisi kulikuwa na sentensi moja ambayo hesabu haiwezi kuijibu. Alisema: "Na mbona mimi nilipe kutunza gari ya mwenyewe? Si yeye ndiye anapata?"

Nilipoisikia nilikumbuka ng'ombe. Katika jamii nyingi za Kenya kulikuwa, na pengine bado kuko, na desturi ya kumpa mwenzako ng'ombe akufugie. Ng'ombe anabaki wako. Ndama kwa kawaida ni wako. Mfugaji anakunywa maziwa na kutumia samadi, na malipo yake ni hayo. Anamchunga, anamnywesha maji, anamtoa kupe. Je, ng'ombe akifa? Kama amekufa kwa ugonjwa au kiangazi, mfugaji anakuletea ngozi uone kwamba hakuuza wala hakula kwa siri, na hasara ni yako wewe mwenye mali. Kama amekufa kwa uzembe wake, hapo ndipo wazee wanaitwa.

Angalia jinsi watu ambao hawakuwa na wakili walivyogawanya mambo mawili ambayo mkataba wa siku hizi unayachanganya. Kuna utunzaji, na kuna bahati mbaya. Utunzaji wa kila siku ni wa yule aliye na mnyama. Bahati mbaya ni ya yule aliye na mali. Na mantiki yake iko wazi: mwenye mali ndiye atakayepata ndama, kwa hivyo yeye ndiye abebe hatari ya kukosa ndama.

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani yetu wameishi nayo karne nyingi, imefika pale pale kwa njia yake. Kuna kanuni inayosema kwamba faida huandamana na dhamana: anayekula mapato ya kitu ndiye anayebeba hatari yake. Katika mkataba wa kukodisha, ijara, mpangaji anashughulikia matumizi ya kila siku na analipa akiharibu kwa uzembe. Matengenezo makubwa, yale ambayo bila hayo kitu hakitumiki, ni ya mwenye mali. Kitu kikishindwa kutumika bila kosa la mpangaji, kodi haina msingi tena, kwa sababu kodi ni bei ya manufaa na manufaa hayapo.

Kwa kipimo hicho, binamu yangu hajakosea kuuliza. Ukiweka injini na giaboksi kwenye kifurushi ambacho dereva anakilipia, umemfanya dereva alipe mara mbili: kodi, ambayo ndani yake tayari kuna malipo ya mwenye gari kwa kubeba hatari, na kifurushi, ambacho kinamwondolea mwenye gari hatari hiyo hiyo. Ni kama kukodi shamba kisha ulipishwe kwa kuwa mvua inaweza kukosa. Na usiseme "si ameweka sahihi kwa hiari." Hiari ya mtu ambaye kampuni nyingine zote zina karatasi ile ile ni hiari nyembamba sana.

Hata hivyo sitaki kumpa binamu ushindi wa bure, kwa sababu upande wa pili una hoja, na hoja yenyewe imeegeshwa mbele yetu miaka mingi. Pita kwenye vituo vya polisi vya zamani uone mabaki ya Land Rover yaliyoota nyasi. Magari yale yalikuwa ya serikali, maana yake yalikuwa ya kila mtu, na pesa ya spea ilikuwa ya kesho. Kwenye kitabu chake cha siasa, Aristotle aliandika kwamba kitu cha watu wengi ndicho kinachotunzwa kidogo zaidi, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake atashughulika. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilianza kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua, na sababu moja ilikuwa hiyo: anayekodisha ndiye ayatengeneze. Yaani serikali nzima, yenye gereji na mafundi wake, iliangalia tabia yake ikaona heri ilipe mtu mwingine aikumbushe kumwaga oili.

Kwa hivyo kifurushi si lazima kiwe wizi. Kinaweza kuwa kamba unayojifunga leo ukiwa na akili timamu, ili siku ya njaa usiweze kula pesa ya breki. Dereva yeyote anajua siku hiyo. Mtoto ametumwa nyumbani kwa sababu ya karo, mwenye gari anataka pesa yake Jumatatu, na kilomita 5,000 zimeshapita 700. Unajiambia wiki moja tu. Gari halisemi kitu. Linaendelea vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu uzembe kwenye injini hulipwa baadaye sana na riba.

Lakini kamba nayo inaweza kufungwa vibaya, na tumeona. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47, Taita Taveta ikiwemo: miaka saba, takriban shilingi bilioni 38, matengenezo yakiwa ndani. Kwenye karatasi ilikuwa kifurushi cha ndoto. Kila kaunti ilianza kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikapanda mpaka milioni 200, kiasi kile kile kwa kaunti kubwa na ndogo. Na kuna hospitali ambako mashine zilikaa bila kazi kwa kuwa hakukuwa na umeme wa kutosha, au chumba, au mtaalamu wa kuziendesha. Zilitunzwa vizuri sana, na hazikumtibu mtu. Seneti iliunda kamati maalum kuchunguza mpango huo.

Somo ninalolichukua hapo ni hili: utunzaji uliolipiwa bila kuuliza kitu kinatumikaje, wapi na kwa ajili ya nani, unageuka kuwa kodi nyingine tu. Na hilo "kwa ajili ya nani" ndilo tulilosahau tangu mwanzo. Tumebishana kama kuna watu wawili, dereva na mwenye gari. Wako wengi zaidi.

Kutoka Kishushe kwenda Wundanyi unapanda mlima. Kutoka Wundanyi kwenda Mwatate unateremka kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa jiwe na upande mwingine hewa. Ndani ya Probox kuna mama mjamzito anayeenda kliniki, mwanafunzi na sanduku lake, mzee na gunia la ndengu. Hakuna aliyesoma mkataba. Hakuna aliyeulizwa kama sevisi iwekwe au isiwekwe. Pedi za breki zikiisha kwenye teremko lile, hoja nzuri kuhusu ndama na dhamana haitashika gurudumu.

Kwa hivyo ninatenganisha maswali mawili. Nani alipe? Hapo pana nafasi ya kubishana, na naamini mwenye gari anafaa kubeba yale makubwa. Je, ifanyike kwa wakati? Hapo hapana mjadala, kwa sababu deni lile halidaiwi na mwenye gari. Linadaiwa na abiria, na linadaiwa kwa yule aliyeshika usukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema, lakini methali hiyo inamfikiria mwenye nyumba tu. Kuna ukuta unaowaangukia wapita njia.

Nilimjibu binamu kwa maandishi, maana voisi yangu ingefika dakika kumi. Nilimwambia asikatae kifurushi kwa hasira na asikichukue kwa uchovu. Arudi kwa yule kijana wa shati jeupe na maswali matatu. La kwanza: injini na giaboksi zikifa bila kosa langu, nani analipa, na je, nitaendelea kulipa kodi gari likiwa limelala? La pili: mtakubali sevisi ifanywe na fundi wa Voi, risiti ziwekwe? La tatu: pedi za breki zimo? Akipata majibu mazuri kwa mawili kati ya hayo, elfu saba si nyingi. Akikosa, akatae, lakini siku hiyo hiyo afungue akaunti ya pembeni, na kila jioni kabla hajafika nyumbani aweke 270 za gari. Ni kama elfu saba zile zile kwa siku 26 za kazi. Daftari liwe kwenye dashibodi, kilomita na tarehe, na mke wake ajue namba ya siri, kwa sababu mtu akiwa shahidi wa ahadi zake peke yake hujisamehe haraka.

Akasoma, akakaa kimya siku mbili, kisha akauliza swali ambalo mimi bado nalitafuna: "Na kama nitaitunza hivyo miaka mitatu, ikirudi kwa mwenyewe ikiwa safi, mimi nitabaki na nini?"

Kwa sheria ya mkataba, hakuna. Kwa sheria ya ng'ombe, mfugaji aliyemrudisha mnyama akiwa mnene alibaki na jina, na jina lilikuwa mtaji. Msimu uliofuata ndiye aliyeletewa ng'ombe wengine. Sijui kampuni iliyo Mombasa inaweza kulijua jina la mtu wa Kishushe. Lakini abiria wake wanaweza, na barabarani kule watu huchagua gari kwa kumwangalia dereva kwanza.