Uso Bila Kiwiliwili

Na afikiriwe mwalimu mstaafu wa Ihembe, katika Karagwe, aliyerithi kwa baba yake sanduku la magazeti ya kale. Humo mna nakala za Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na kupigwa chapa Dar es Salaam, na za Drum, lililoanza Afrika Kusini mwaka 1951 likaenea hata Afrika Mashariki. Mgeni kutoka mjini ayaona, ayapenda, ataka kuyanunua. Lakini majalada tu, ayatie katika vioo na kuyatundika ukutani. Kurasa za ndani, asema, zimeliwa na mende na hakuna azisomaye. Paa la mwalimu lavuja. Je, atafanya haki akikubali?

Wako watakaojibu ya kuwa mali ni ya mwenyewe, na ya kuwa jalada lililo ndani ya kioo lapona, hali lililo sandukuni laangamizwa na mchwa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Hata katika nyumba za udongo kurasa za magazeti zilibandikwa ukutani ziwe pambo, moshi wa jikoni ukazila, na hakuna aliyewalaumu wenye nyumba. Lakini hao walibandika walichokwisha kukisoma.

Mgeni ataka kisichosomwa. Jalada lilifanywa limwite mtu aingie ndani, na ndani ya Mambo Leo mlikuwa na mashairi ya wasomaji, barua zao na habari za miji yao. Wengi wa watu hao hawakuandika kitabu maishani. Yamkini hapo ndipo pekee majina yao yalipopata kupigwa chapa. Kumtenga mchoro au picha na watu hao ni kuhifadhi mlango na kuibomoa nyumba.

Karagwe si ngeni katika kuhifadhi. Stanley alipomtembelea Omukama Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina yenye sanamu za bata, na za ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Vilikuwa vyombo vya ufalme, na waliovijua maana walikuwapo karibu navyo.

Lililo haki ni mwalimu kuuza gazeti zima au kutouza kabisa. Zima laweza kutundikwa pia, jalada likitazama nje na mashairi yakiwa nyuma yake. Mgeni atasema ni nene mno kwa kioo chake, na kwa zima atatoa nusu ya bei. Masika yamekaribia, na mabati hayauzwi kwa mkopo.