Ufagio na Ujira



Hapo kale Wabatavi, kabila moja la Kijerumani lililokaa karibu na mlango wa mto Rhine, katika nchi iitwayo leo Uholanzi, hawakutozwa kodi na Roma. Walitoa vijana wao badala ya fedha. Vijana hao walitiwa katika vikosi vya askari wa miguu, wakapelekwa mpaka Uingereza. Roma ilikuwa bwana mkali, wala hatuisifu. Lakini askari mgeni aliyetumika miaka 25 aliweza kupewa bamba la shaba lenye jina lake, kushuhudia kwamba sasa ni raia wa Roma. Haki yake iliandikwa, ikatiwa mkononi mwake.

Nchi yetu nayo iliona askari wa namna hiyo, na safari hii Wajerumani ndio waliokuwa mabwana. Wasukuma na Wanyamwezi wengi waliwapigania katika vita vya 1914 hadi 1918. Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia. Askari wakarudi makwao, ujira wao ukiwa deni.

Walingoja miaka 46. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa waliobaki hai, na mlipaji akaweka meza yake Mwanza. Yasimuliwa kwamba walikusanyika wazee wapatao 350, na wachache tu walikuwa na hati zao. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Hakushindwa hata mmoja.

Watu husimulia habari hii kwa kicheko, wakisifu utii wa wazee wale. Mimi kila niisikiapo naona haya. Mtu akaribiaye miaka sabini, mwenye wajukuu, apaswa kucheza kwata na ufagio ili apewe kilicho chake! Na mpagazi je, aliyebeba mizigo ya vita kichwani wala hakufundishwa kwata? Na mjane?

Katekismu yahesabu kumnyima mfanya kazi ujira wake miongoni mwa dhambi zinazolia mbinguni, pamoja na kuua. Twaifundisha, lakini twadhani yahusu serikali na matajiri. Haya, tutoke kwenye meza ile ya Mwanza, twende Kiseke, si mbali. Fundi amekwisha kupandisha ukuta, na mwenye nyumba, Mkristu, amwambia: “Njoo wiki ijayo, tena umlete mtu akushuhudie siku ulizofanya kazi.” Huo ni ufagio. Msichana wa kazi ametumika mwaka mzima, na hesabu yake yote imo kichwani mwa mama mwenye nyumba. Siku ya kuondoka akumbushwa sahani aliyoivunja wakati wa Pasaka.

Baba na mama, kabla hamjakaribia Komunyo Jumapili hii, twaeni daftari. Andikeni jina lake, siku zake na shilingi zake, mbele ya macho yake, naye apewe nakala. Na yule aliyekwisha kuondoka akiwadai, msingoje aje kubisha hodi. Mtafuteni, hata kama amerudi kwao Magu au Sengerema, mkampe fedha yake mkononi.