Nyumba Ambayo Haikuezuliwa



Kijana mwenzangu, tafakari ya leo ni ya upepo. Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako (hata ile ya kwenye simu, sawa tu) usome Ayubu 1:18-19, Ayubu 42:7-9 na Luka 13:1-5. Ni mistari michache. Ukimaliza rudi hapa, nina ungamo la kukusimulia. Siyo lile la kwenye kitubio, hilo nimeshalifanya. Hili ni la kukusaidia wewe usianguke nilipoangukia mimi.

Mimi ni mtoto wa Milanzi, hapa hapa Sumbawanga. Anayeijua Ufipa anajua tulivyokaa: uwanda wa juu, wazi, Ziwa Tanganyika likiwa chini kule magharibi na Bonde la Rukwa chini upande wa mashariki. Sehemu kubwa ni nyasi na mashamba, miti ni ya kuhesabu. Upepo ukianza safari yake hauna wa kumwomba ruhusa.

Nilikuwa nimemaliza Falsafa, niko kwenye mwaka wa kichungaji, nikapewa ruhusa ya wiki moja kwenda kumwona mama. Ilikuwa mwezi wa kwanza, mahindi yako kiunoni. Saa kumi jioni wingu jeusi likasimama juu yetu. Ikaja mvua ya mawe, halafu kimya kidogo, halafu sauti kama lori limebeba mzigo linapanda mlima. Mama alichomoa tawi kavu la Jumapili ya Matawi nyuma ya msalaba, akalichoma jikoni huku anasali. Mimi nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili. Yaani Frateri mzima, na digrii yangu, nimeshika mlango.

Haikufika dakika kumi.

Tulipotoka nje, bati za jirani zilikuwa shambani zimejikunja kama karatasi. Kenchi za nyumba moja zilikuwa zimeng'oka zikiwa bado zimeshikana, zimelala barabarani kama mifupa ya samaki. Maharage kwenye magunia yameloa. Daftari za watoto zimeganda kwenye tope. Mtoto mmoja alikuwa ameangukiwa na tofali mguuni, wanaume wakampakia kwenye bodaboda kwenda hospitali. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Lakini familia zile usiku huo zililala chini ya turubai, na kwetu Ufipa baridi ya usiku haina utani.

Upepo ulikuwa umepita kama mtu aliyenyoosha kamba. Huku na huku nyumba nzima, katikati zimeezuliwa. Na katikati ya zile zilizoezuliwa kulikuwa na nyumba moja imesimama na bati zake zote. Nyumba ya bibi mmoja mjane, anayeishi na wajukuu wawili.

Umeshajua hadithi inakoelekea, au siyo?

"Frateri, wewe unasemaje?"

Jumamosi yake tulikutana kwenye Jumuiya. Tulisali rozari, tukachanga kidogo kwa ajili ya waliopata hasara. Kisha baba mmoja, yule ambaye mwanae aliumia mguu, akasema kwa sauti ya chini: "Lakini tujiulize. Kwa nini kwake tu haukugusa?"

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Kila mtu alikuwa ameshajiuliza. Sisi watu wa Sumbawanga tunataniwa nchi nzima kwa habari za radi za kutumwa. Wazee wanasema hata jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi". Watu wanalisema kama utani, lakini usiku, mtu akiwa hana paa, utani unaisha.

Mwenyekiti akanigeukia. "Frateri, wewe umesoma. Unasemaje?"

Kijana mwenzangu, nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kwamba tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliubomoa mji wa Lisbon watu wakiwa kanisani, na Ulaya nzima ikaanza kubishana: Mungu mwema yuko wapi kwenye kifusi hiki? Nilikuwa nimejibu mtihani juu ya Leibniz. Nilikuwa nimejifunza kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba Mungu huendesha ulimwengu kwa kupitia visababishi alivyoviumba, moto uunguze, maji yalowanishe, upepo uvume. Vyote vilikuwa kichwani.

Lakini nilitazama nyuso zile, watu walionilea, nikaogopa kuonekana nimekuja kuwafundisha. Nikasema: "Ndugu zangu, dunia ina mafumbo mengi. Hatuwezi kukataa kila kitu."

Ilisikika kama hekima. Wengine walitikisa kichwa kukubali. Usiku ule jiwe lilirushwa kwenye bati za yule bibi. Asubuhi mama akarudi kutoka kisimani, akanitazama, akasema: "Wanasema hata Frateri amekubali."

Marafiki wa Ayubu

Sikula siku hiyo. Nikafungua kitabu cha Ayubu.

Ona kitu ambacho huwa tunakipita haraka. Watoto wa Ayubu waliuawa na nini? Na upepo. Upepo mkubwa ulitoka upande wa jangwa, ukaipiga nyumba pembe zote nne, ikawaangukia. Kisha wakaja marafiki zake. Siku saba usiku na mchana walikaa naye chini, kimya. Hapo walikuwa marafiki kweli. Tatizo lilianza walipofungua midomo. Hoja yao ilikuwa moja tu, wakaizungusha sura baada ya sura: hakuna moshi bila moto, Ayubu, lazima kuna kitu ulifanya.

Watu wa kwetu waliigeuza hoja ileile. Marafiki wa Ayubu walisema aliyepigwa ana hatia. Sisi tulisema ambaye hakupigwa ana hatia. Mzizi ni uleule: hatuwezi kuvumilia kwamba upepo umepita bila kutueleza sababu, basi tunatafuta mtu wa kubeba sababu hiyo. Na tunayemchagua huwa ni yule asiye na wa kumtetea. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba ya tajiri wa mtaa wa juu haikuguswa.

Halafu kuna Bwana wetu mwenyewe, Luka 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane wakafa. Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe: hapana. Hakusema "dunia ina mafumbo mengi". Alikata mzizi kwa neno moja. Na papo hapo akawageukia waliokuwa wanasikiliza na kuwaambia watubu. Wao, siyo wale waliokufa.

Nilipofika hapo nikafunga kitabu. Wa kutubu alikuwa mimi.

Waya

Nilienda kwa yule bibi jioni. Sitakuficha, nilizunguka nyumba mara mbili kabla ya kupiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Frateri. Karibu. Umekuja kuniombea au kunitazama?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia nilichosema kwenye Jumuiya, na kwamba nimekuja kuomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu, anachambua maharage kwenye ungo. Kisha akasimama, akanishika mkono, akanipeleka chumbani, akanielekeza juu kwa kidole.

"Marehemu mume wangu alikuwa fundi. Ona."

Kila kenchi ilikuwa imefungwa kwa waya, ule mnene wa kufungia nondo, umesokotwa mara mbili tatu, ukashuka hadi ndani ya lenta. Bati zilikuwa na misumari ya karibu karibu. Paa halikuwa limewekwa juu ya ukuta tu, lilikuwa limeshikwa na ukuta.

"Walimcheka," akasema. "Walimwambia unapoteza waya, paa halikimbii."

Ndugu yangu, uchawi wenyewe ndio huo.

Baadaye nilijisomea zaidi. Wingu kubwa la mvua ya radi hubeba hewa baridi nyingi, na hewa hiyo ikishuka kwa ghafla hugonga ardhi na kusambaa kwa kasi kubwa. Upepo ukipita juu ya paa huwa unalivuta kwenda juu, na ukipata mlango au dirisha lililo wazi unalisukuma pia kutoka ndani. Paa lililowekewa misumari michache halina ubishi. Mara nyingine wingu lenyewe huzunguka, na mzunguko huo ukigusa ardhi ndiyo tonado, yaani kisulisuli kikubwa. Hicho hupita kwenye njia nyembamba: nyumba hii imekwisha, ya jirani hata kikombe hakijaanguka. Tarehe 22 Mei 2011 tonado iliupiga mji wa Joplin, Marekani, ikaua watu 158. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria lilisambaratika, ukabaki msalaba wake wa chuma umesimama peke yake juu ya kifusi. Usiutazame msalaba ule ukadhani Mungu alikuwa analinda chuma akasahau watu. Utazame kama jibu la swali la Lisbon: Mungu yuko wapi kwenye kifusi? Yuko hapo, amesulubiwa pamoja na waliofukiwa.

Hata pwani yetu inayo historia hii. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha meli za Sultan Barghash. Pemba haikuumia kama Unguja, na baada ya hapo ndiyo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Je, tuseme Wapemba walituma kile kimbunga? Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, tuseme watu wa Mafia walikuwa wakosefu kuliko sisi wa Rukwa? Ukilisema kwa sauti unaona lilivyo la aibu. Lakini kwa bibi mmoja wa Milanzi halikutuonea aibu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 310, inatufundisha kwamba Mungu ameumba ulimwengu ulio safarini, haujafika bado kwenye ukamilifu wake, na katika safari hiyo kujenga na kubomoka kwa viumbe kunaenda pamoja. Namba 2477 inatuambia kwamba anayeamini kosa la jirani yake bila msingi wa kutosha, hata kama ameliamini kimoyomoyo tu, ana hatia ya kuhukumu ovyo. Soma namba hizo mbili pamoja. Upepo ni wa safari ya ulimwengu. Jiwe juu ya bati ni letu.

Nilichofanya, na unachoweza kufanya

Jumamosi iliyofuata nilisimama kwenye Jumuiya. Nikasema nilikosea, tena niliogopa. Nikasoma Luka 13. Nikaeleza habari ya waya. Nisikudanganye kwamba wote walilia wakakumbatiana. Yule baba wa mtoto aliyeumia aliondoka bila kuniaga. Wengine walibaki na ya kwao moyoni. Lakini mawe yalikoma, na siku ya pili fundi mmoja alikwenda kwa bibi, akapiga hodi, akaomba aone kenchi.

Wewe kijana, hasa uliyesoma, chukua haya matatu.

Kwanza, ukiulizwa, jibu. Siku moja utakuwa wewe ndiye msomi kwenye kikao, kwenye msiba, kwenye grupu la WhatsApp. Kukaa katikati wakati mtu anasingiziwa uchawi siyo busara. Nchi hii imeshazika vikongwe wengi waliouawa kwa maneno yaliyoanza kama minong'ono, na kila mnong'ono ulimpita mtu ambaye angeweza kusema "hapana".

Pili, waliopigwa wapelekee mikono kabla ya maelezo. Turubai, unga, nguvu za kubeba tofali. Marafiki wa Ayubu walikuwa wema siku zile saba walipokuwa wamefunga midomo.

Tatu, fungeni kenchi! Ndiyo, kwenye tafakari ya kiroho nasema fungeni kenchi kwa waya, pigeni misumari ya kutosha, pandeni miti ya kukinga upepo. Sala ya mama yangu na waya wa marehemu fundi havigombani. Aliyempa mama imani ndiye aliyempa fundi akili.

Nina jambo moja la mwisho. Siku ile, nikiwa naaga, nilimwuliza bibi anawezaje kuishi na watu waliomrushia jiwe. Akasema: "Nawataja kila jioni kwenye rozari. Yule mwenye mtoto namtaja mara mbili, mtoto bado anachechemea."

Rudi sasa kwenye Ayubu 42. Mungu aliwakasirikia wale marafiki, akawaagiza waende kwa Ayubu, naye Ayubu atawaombea. Aliyesingiziwa ndiye aliyewaombea waliomsingizia. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi seminarini. Nilikuja kuuelewa mlangoni kwa bibi, ungo wa maharage ukiwa kati yetu.

Tusali

Ee Bwana, uliyelala chomboni wakati wa dhoruba na kuamka kwa ajili ya wanafunzi wako, uwakumbuke wote waliopoteza paa, mavuno na wapendwa wao kwa upepo. Utusamehe tulipotafuta wa kulaumu badala ya wa kusaidia. Utupe ulimi wa kusema kweli mbele za watu tunaowapenda, na mikono isiyochoka kujenga upya. Uwabariki wajane na wazee wetu, uwape usingizi usio na hofu. Amina.

Swali la wiki: Ni nani mtaani kwako anasemwa vibaya, na wewe umenyamaza?

Wenu katika Kristo,
Frateri wa Milanzi